Hesabu, Mlinzi wa Mali

Wako wanafunzi wengi wadhanio kwamba hesabu ni kazi ya darasani tu, wala haina haja nje ya mlango wa shule. Husema mioyoni mwao, "Nitajifunza kuzidisha na kugawanya mpaka mtihani upite, kisha nitasahau." Mawazo hayo si ya haki. Mtu akisahau majina ya milima na mito aliyofundishwa, shamba lake halimtoki kwa ajili hiyo. Bali mtu aliyesahau hesabu aweza kupotewa na shamba, na mazao, na fedha, wala asijue ni siku gani vilimtoka.

Sababu yake ni hii. Mungu ametupa macho, nayo yatufaa kwa kazi nyingi. Kwa macho twamtambua rafiki angali mbali, na kwa macho twaona mahindi yamekauka, yafaa kuvunwa. Lakini katika kupima mambo makubwa macho hushindwa. Shamba refu na jembamba huonekana kuwa kubwa kuliko lilivyo. Gunia lililovimba kichwani huonekana kuwa gunia moja tu. Deni lililoanza dogo huonekana dogo siku zote. Katika mambo matatu haya, yaani shamba, gunia na deni, jicho hudanganyika, na hesabu ndiyo isemayo kweli. Basi na tuyatazame moja moja.

1. Shamba

Mahali pengi katika Tanzania, watu wauziapo shamba husema, "Ekari moja ni hatua sabini kwa sabini." Muuzaji hutembea hatua 70 upande mmoja, hugeuka, hutembea hatua 70 upande wa pili, kisha mambo, yaani vijiti, huchomekwa pembeni, na fedha hulipwa. Je, kanuni hiyo ni ya kweli?

Ekari ni kipimo kilicholetwa na Waingereza, nacho kilihesabiwa kwa yadi. Ekari moja ni yadi za mraba 4,840. Sasa zidisha 70 kwa 70, utapata 4,900, nayo ni karibu sana na 4,840. Kwa hiyo kanuni ya hatua sabini ni njema, ikiwa kila hatua ni yadi moja kamili. Walakini yadi moja ni sentimeta 91 na zaidi kidogo. Nyosheni miguu mwone: hatua ya namna hiyo ni ya mtu anayejitanua kwa makusudi. Mtu atembeaye kwa desturi, hatua yake ni kama sentimeta 75 tu.

Tuseme mjane mmoja anataka kununua ekari moja ili alime chakula cha watoto wake, na bei ni shilingi 900,000. Muuzaji anatembea kwa hatua zake za kawaida, za sentimeta 75. Hatua 70 ni sentimeta 5,250, yaani meta 52 na nusu. Zidisha meta 52.5 kwa meta 52.5, jawabu ni meta za mraba 2,756 na kitu kidogo. Lakini ekari kamili ni karibu meta za mraba 4,047. Basi yule mjane amepungukiwa na meta za mraba 1,290, yaani karibu theluthi nzima ya shamba. Ametoa fedha za ekari moja, naye amepata theluthi mbili tu. Shilingi 287,000 hivi zimekwenda bure, na huenda muuzaji mwenyewe hakukusudia hila yo yote.

Labda mmoja wenu atauliza, "Hatua imepungua kidogo tu, imekuwaje shamba kupungua sana?" Swali hilo ni jema, na jawabu lake laweza kuchorwa katika daftari. Chora mraba wenye vyumba 6 kwa urefu na vyumba 6 kwa upana. Hesabu vyumba vyote: ni 36. Sasa futa safu moja ya upande wa juu na safu moja ya upande wa kulia, upate mraba wa vyumba 5 kwa 5. Hesabu tena: vyumba vilivyobaki ni 25. Umepunguza kila upande sehemu moja ya sita tu, lakini vyumba vilivyopotea si 6, ni 11! Maana hasara huingia mara mbili, katika urefu na tena katika upana. Hilo ndilo jambo ambalo jicho haliwezi kuliona shambani.

Siku hizi wako wengine wapimao kwa utepe, nao husema, "Meta sabini kwa sabini." Hawa nao wakosea, ila hasara imegeuka ikamwangukia muuzaji. Meta 70 kwa meta 70 ni meta za mraba 4,900. Amemzidishia mnunuzi meta za mraba 850 na zaidi. Atakaye ekari ya haki apime meta 64 kila upande, naye hatakuwa mbali na kweli.

Tena angalieni jambo la pili. Wako watu wapimao shamba kwa kulizunguka, wakadhani kwamba mashamba mawili yenye mzunguko mmoja ni sawasawa. Sivyo. Shamba la meta 64 kwa 64 lina mzunguko wa meta 256, na ndani yake mna meta za mraba 4,096. Shamba lingine lina urefu wa meta 100 na upana wa meta 28. Mzunguko wake nao ni meta 256 vilevile, lakini ndani mna meta za mraba 2,800 tu. Atakayeyazunguka mashamba hayo kwa miguu atachoka sawasawa, lakini atakayeyalima hatavuna sawasawa.

Na jambo la tatu ni pembe. Shamba lenye pande nne za meta 64, likiwa limelala upande kama sanduku lililokandamizwa, hupungua eneo lake ijapokuwa pande zake hazikupungua. Hapana budi pembe ziwe mraba. Mafundi wa nyumba wanayo njia rahisi ya kupata pembe mraba, nayo ni ya kale sana. Twaa kamba, ukaifunge vifundo vyenye nafasi zilizo sawa, hata zipatikane nafasi 12, kisha uunganishe ncha zake mbili. Watu watatu waivute ardhini iwe pembetatu: upande mmoja nafasi 3, upande wa pili nafasi 4, upande wa tatu nafasi 5. Pale zikutanapo pande za 3 na 4 ndipo penye pembe mraba. Kamba hiyo haina gharama kubwa, nayo yatosha kuondoa ugomvi wa mipaka baina ya jirani na jirani.

2. Gunia

Zamani watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Vitu vizito, kama pembe na karafuu, vilipimwa kwa frasila. Lakini vipimo hivi havikuwa sawasawa mahali pote. Pishi ya mji huu yaweza kuwa kubwa kuliko pishi ya mji ule, na mfanyabiashara mwerevu alijua anunue wapi na auze wapi. Kwa sababu hiyo mataifa yamekubaliana kutumia kilo na meta, ambazo hazibadiliki kwa mji wala kwa mtu.

Lakini hata leo, wakati ambapo mizani za kilo zimeenea, mkulima hujikuta akiuza kwa macho. Mnunuzi huja shambani na magunia yake. Gunia hujazwa hata mdomoni, kisha hushonewa kipande kingine cha gunia au wavu juu, na viazi hurundikwa hata likawa kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa. Gunia la namna hii huitwa lumbesa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, maana machoni ni gunia moja.

Na tufanye hesabu. Tuseme gunia la haki lina kilo 100, na bei yake ni shilingi 60,000. Kila kilo imeuzwa shilingi 600. Kilemba kile cha juu kikiwa na kilo 40, gunia lina kilo 140, na bei ni ile ile ya shilingi 60,000. Gawanya 60,000 kwa 140. Kila kilo imeuzwa chini ya shilingi 429. Mkulima aliyeuza magunia 10 ya lumbesa ametoa kilo 400 zaidi, ambazo ni sawa na magunia manne ya haki. Thamani yake ni shilingi 240,000. Amelima, amepalilia, amebeba maji na mbolea, kisha katika kila magunia kumi ameongeza manne bila malipo.

Serikali zimeliona jambo hili. Sheria ya Tanzania yakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kukagua mizani na vipimo. Nchini Kenya, kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zilitaka mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Lakini askari wa sheria hawezi kusimama katika kila shamba. Mlinzi wa kwanza ni mkulima mwenyewe, na silaha yake ni swali moja fupi: "Kilo moja waninunulia kwa shilingi ngapi?" Mtu aulizaye hivyo hawezi kudanganywa na kilemba cha gunia, kwa maana ameacha kuuza gunia, anauza kilo.

Swali hilo hilo lamfaa na mnunuzi dukani. Mfuko mdogo wa sukari wa robo kilo ukiuzwa shilingi 900, nao mfuko wa kilo moja ukiuzwa shilingi 3,000, ni upi ulio rahisi? Mara nne ya 900 ni 3,600. Anunuaye kidogo kidogo hulipa shilingi 600 zaidi katika kila kilo. Mara nyingi ni maskini anayelipa zaidi, kwa sababu hana fedha za kununua kwa wingi. Basi jamaa nne wakichanga fedha wakanunua kilo moja na kugawana, kila mmoja atapata robo yake kwa shilingi 750.

3. Deni

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, maana shamba na gunia vyaonekana, lakini deni hukua gizani.

Mtu mmoja anahitaji shilingi 100,000 za kumpeleka mwanawe shule. Mkopeshaji amwambia, "Nitakupa, nawe utaniongezea kumi kwa mia kila mwezi." Mkopaji afikiri, "Kumi ni kidogo mbele ya mia." Anatia sahihi. Hakuuliza neno moja la maana: je, riba itahesabiwa juu ya fedha za kwanza tu, au riba nayo itazaa riba?

Ikiwa riba yahesabiwa juu ya fedha za kwanza tu, kila mwezi huongezeka shilingi 10,000. Baada ya miezi 12 deni litakuwa shilingi 220,000. Hilo ni zito. Lakini ikiwa riba isiyolipwa huingizwa katika deni nayo ikazaa, hesabu huenda hivi:

Mwisho wa mwezi wa 1, shilingi 110,000.
Mwisho wa mwezi wa 2, shilingi 121,000.
Mwisho wa mwezi wa 3, shilingi 133,100.
Mwisho wa mwezi wa 6, shilingi 177,156.
Mwisho wa mwezi wa 8, shilingi 214,359.
Mwisho wa mwezi wa 12, shilingi 313,843.

Deni limezidi mara tatu katika mwaka mmoja! Wala mkopeshaji hakusema uongo. Alisema kumi kwa mia, na ni kumi kwa mia. Ila mkopaji alitazama mwezi wa kwanza tu.

Iko kanuni fupi ya kukadiria jambo hili bila kalamu. Twaa hesabu ya 72, uigawanye kwa riba ya kila mwezi. Jawabu ni miezi ambayo deni litakuwa maradufu. Kwa riba ya kumi kwa mia, 72 kwa 10 ni 7 na kidogo. Na kweli, katika orodha yetu deni lilizidi 200,000 kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Riba ikihesabiwa kwa mwaka, jawabu ni miaka. Kanuni hii ni ya zamani. Mtawa mmoja wa Italia, jina lake Luca Pacioli, aliitaja katika kitabu chake kikubwa cha hesabu kilichopigwa chapa katika mji wa Venice mwaka 1494.

Kanuni hiyo ina pande mbili kama panga. Nguvu ile ile imwangamizayo mdeni humsaidia mwenye akiba. Fedha zikiwekwa mahali pa amani zipatapo sita kwa mia kila mwaka, wala zisiguswe, zitakuwa maradufu katika miaka 12, kwa maana 72 kwa 6 ni 12. Na mtu atiaye akibani shilingi 2,000 kila juma atakuwa na shilingi 104,000 mwisho wa mwaka, yaani zaidi ya zile alizotaka kukopa. Ndiyo maana wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

4. Daftari

Katika kitabu kile kile, Pacioli aliwaeleza wafanyabiashara namna ya kuandika hesabu zao katika pande mbili, kinachoingia na kinachotoka. Wazee wetu nao walilijua jambo hili, wakaliweka katika methali: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfikirini mama auzaye mandazi. Leo ameuza mandazi 150 kwa shilingi 200 kila moja, naye ana shilingi 30,000 mkononi. Moyo wake wafurahi, akatoa shilingi 10,000 kununua kitambaa. Kesho yake anataka kununua unga, sukari, mafuta na kuni, ambavyo gharama yake yote ni shilingi 22,000. Naye amebakiwa na 20,000. Biashara imepungua, wala hajui sababu. Kama angaliandika, angaliona kwamba faida yake ya jana haikuwa 30,000, ilikuwa 8,000 tu, na kwamba shilingi 2,000 za kitambaa kile zilitoka katika mtaji. Daftari la mistari miwili lingalimwonyesha jambo hilo usiku ule ule.

Wanafunzi, ninyi ambao wazazi wenu hawakubahatika kusoma, kazi hii yaweza kuwa yenu tangu leo. Jioni, keti na mama yako, umwulize ameuza nini na amenunua nini, ukaandike. Usifanye kwa majivuno, kana kwamba wamfundisha aliyekuzaa. Yeye aijua biashara, wewe wajua kalamu. Vyote viwili vyahitajiana.

Mwisho, neno moja la kuangalia. Ajuaye hesabu aweza kuwalinda wenzake, naye aweza kuwaibia. Anayejua kwamba hatua fupi hula theluthi ya shamba aweza kufupisha hatua zake mbele ya asiyejua. Katika Maandiko, kitabu cha Mambo ya Walawi, wana wa Israeli waliamriwa wasidhulumu watu katika kupima urefu, wala uzito, wala ujazo. Tazameni: ni mambo yale yale ya shamba na gunia. Elimu ya kupima si ya kumshinda jirani. Ni ya kufanya mnunuzi na muuzaji waachane sokoni kila mmoja akiwa na haki yake, na kesho waweze kusalimiana.

Mazoezi

1. Tembea hatua 20 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima umbali huo kwa utepe. Hatua yako moja ni sentimeta ngapi? Ukipima hatua 70 kwa 70, utapata meta za mraba ngapi?

2. Shamba moja ni meta 80 kwa 40, la pili ni meta 60 kwa 60. Mzunguko wao ni sawa. Eneo lao je?

3. Mkulima ameuza magunia 15 ya lumbesa, kila moja kilo 130, kwa bei ya gunia la kilo 100. Ametoa kilo ngapi bila malipo?

4. Deni lina riba ya nne kwa mia kila mwezi, na riba huzaa riba. Kwa kanuni ya 72, litakuwa maradufu baada ya miezi mingapi?

5. Andika kwa muda wa juma moja kila kinachoingia na kinachotoka nyumbani kwenu. Ni kitu gani kilichokula fedha kuliko mlivyodhani?